Nilivyopanda mahindi na maharage Galilaya

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na kwetu shimo la mahindi lisilotiwa maharage ni shimo la mvivu. Kwa hiyo Machi 2022, mbegu zilipobaki kidogo, sikuona kosa kuzipanda kwenye kipande kilichokuwa kitupu nyuma ya nyumba ya mzee niliyemfanyia kazi huko Galilaya ya Chini. Nilikuwa Israeli tangu Oktoba kwa mafunzo ya kilimo ya miezi 11, na nilitaka kumfurahisha. Udongo mzuri namna ile, umelala bure!

Miche ilipofika kimo cha kidole mzee akaiona. Akacheka kidogo, halafu akashika kichwa. Kumbe nimevunja amri mbili kwa jembe moja.

Ya kwanza ni shemita. Kila mwaka wa saba ardhi ya Israeli hupumzishwa, na mwaka wenyewe ulikuwa umeanza Septemba 2021. Walawi 25 nimeikariri shule ya Jumapili, lakini haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu bado anaifuata. Ya pili ni kilayimu: Myahudi haruhusiwi kuchanganya mbegu za aina mbili shambani mwake, na mahindi na maharage ndiyo hayo. Kwamba mpandaji si Myahudi hakusaidii, shamba ni lake. Niling'oa yote jioni ile, na iliniuma kweli, maana yalikuwa yameota vizuri.

"Sasa mbona Novemba tulipanda vitunguu?" nikamuuliza.

Akaniambia shamba lile kubwa alikuwa ameliuza kwa muda, kwa mkataba kupitia marabi, kwa mtu asiye Myahudi. Njia hiyo ilianza kutumika shemita ya 1888–1889, walowezi wa mwanzo walipoona kwamba wakiacha kulima mwaka mzima watakufa njaa. Hata hivyo, kazi ya kusia mbegu yenyewe huachiwa asiye Myahudi. Hapo nikakumbuka: siku ya vitunguu mbegu alitukabidhi mimi na Wathai wawili, yeye akasimama pembeni mikono mfukoni. Nilidhani ni uzee. Wako Wayahudi wenye msimamo mkali wasiokubali mauzo hayo hata kidogo. Wao mwaka ule mboga hutafuta za wakulima wasio Wayahudi au za kutoka nje.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu: sigusi kitu cha nyuma ya nyumba kabla ya kuuliza. Miti ya matunda tuliimwagilia kiasi cha kutokufa tu, na mkasi wa kupogolea ulining'inia ukutani mwaka mzima. Geti likawa wazi, maana mazao ya shemita hayana mwenyewe. Juni plamsi zilipoiva, mpita njia aliingia akachuma za kula nyumbani kwake, akaenda zake.

Mimi nikala nusu plamsi, nikaitupa kwenye ndoo ya taka. Mke wa mzee, niliyemwita mama, akaitoa kwa vidole viwili. Pembeni ya sinki kulikuwa na kindoo kingine chenye mfuko, cha matunda ya shemita peke yake. Tunda hilo lina utakatifu, halitupwi likiwa bado linalika. Mabaki yanaachwa yaharibike kwanza, ndipo yaende jalalani. Kufika Julai kile kindoo kilikuwa kinanuka kama pombe ya miwa.

Orla ilinisumbua zaidi. Makomamanga yaliyopandwa 2020 yalizaa, nikaomba moja. Hapana: matunda ya miaka mitatu ya mwanzo Myahudi hali, wala hafaidiki nayo kwa namna yoyote, hata kumpa mgeni kama mimi asingeweza. Yakaachwa yadondoke.

Nilirudi Lushoto Septemba. Mahindi nachanganya na maharage kama kawaida, kwa sababu hata kwa Myahudi mwenyewe katazo la mbegu hizo ni la ardhi ile tu. Ila Januari, plamsi za kwetu zilipoiva, mama yangu alinikuta nimesimama jikoni na kokwa mkononi, nageuka huku na huku.

"Mwanangu, hiyo kokwa unaipeleka wapi?"