Mzee ana kiraka moyoni

Baba yangu fundi baiskeli, zaidi ya miaka 30 anaziba pancha. Mwaka jana alipata mshtuko wa moyo, tukachelewa hospitali maana nyumbani wote tulijua ni vidonda vya tumbo, tukampa magnesiamu akalala nayo mpaka asubuhi (bado inaniuma hii).

Juzi namkuta kaficha vidonge vyake vya enalapril kwenye kipande cha gazeti, nyuma ya kopo la gundi. Baba vipi tena? "Mwanangu mimi sina presha, wananipa dawa ya presha ya nini? Na kidonda cha moyo si kishapona."

Kimepona kweli, ila kimepona kwa kovu. Mshipa ukiziba, nusu saa tu nyama ya moyo inaanza kufa, halafu chembe nyeupe za damu zinakuja kula mizoga, ndo wiki ile ya kwanza ukuta unakuwa laini mpaka unaweza kupasuka, baadae mwili unasuka nyuzi ngumu na kwenye wiki ya 6 mpaka 8 hivi kovu limeshakaza. Ila kovu halisukumi damu, na nyama mpya hairudi, watafiti wa Sweden walipima mwaka 2009 wakakuta hata kijana wa miaka 25 chembe za misuli ya moyo zinazozaliwa upya ni kama asilimia 1 tu kwa mwaka.

Nikamwambia baba si unajua tyubu yenye kiraka, ukijaza upepo kiraka hakivutiki, pembeni ndo panavimba? Akaacha spana. Basi moyo wako ndo huo, upande uliobaki mzima unafanya kazi ya moyo wote, unatanuka, na mwili ukiona damu haifiki vizuri unamwaga homoni za kubana mishipa na kubakiza chumvi mwilini, yani unauongezea mzigo. Enalapril inazikata hizo homoni, presha uwe nayo usiwe nayo. Na kaka yake captopril ilitokana na sumu ya nyoka wa Brazil, hapo mzee akacheka, "kwahiyo nameza nyoka!"

Eko (kile kipimo cha picha ya moyo) ya kwanza, kila pigo moyo ulikuwa unasukuma nje asilimia 38 ya damu iliyomo, juzi 46.

Akakimeza kidonge na chai. Ndo akasema ukweli sasa, kumbe kinamkohoza usiku kucha, kikohozi kikavu, akaona aibu kulalamika kwa daktari. Jamani! Hicho kikohozi kinajulikana kabisa na dawa mbadala zipo. Jumatatu tunaenda kliniki, na nitaongea mimi.