Siku Mwenge Ulipopita Masasi

Nilikuwa darasa la tano, na siku ile nilitaka kitu kimoja tu: kuuona Mwenge wa Uhuru kwa karibu. Masasi ilifurika tangu alfajiri. Ngoma kila kona, watoto wa halaiki na soksi nyeupe ambazo hadi saa tatu zilishageuka rangi ya udongo. Babu alininunulia korosho za kukaanga, akanishika mkono, tukapenya umati hadi tukatokea upande wa pili.

"Babu, tunakwenda wapi?"

"Mtandi. Mwenge utatukuta huko huko."

Haukutukuta.

Kanisa Kuu la Watakatifu Maria na Bartholomayo lilikuwa tupu, watu wote wako mjini. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungini. Babu alivua kofia, akachagua benchi moja la nyuma, akalipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kukaa. Hapo ndipo alipowekewa mikono na Askofu Trevor Huddleston, yule Mwingereza aliyefukuzana na makaburu kule Afrika Kusini kabla ya kuja kuwa askofu wetu mwaka 1960. "Mikono mizito," alisema, akijigusa utosini.

Kisha akaanza habari za Askofu Steere, mmisionari wa Unguja, na watu aliokuja nao Masasi. Aliwazungumzia watu wale kana kwamba ni majirani waliohamia juzi: mwaka 1876 wametoka Unguja, wamekombolewa utumwani, wakaona mawe haya na maji, wakakaa. Wakalima, wakajenga. Mwaka 1882 wakaja Magwangwara, wavamizi wa Kingoni, wakaua na kuteka.

"Wale wale waliokombolewa?"

"Na wao wamo."

Niliacha kutafuna. Korosho ilibaki shavuni, imelowa.

Matarumbeta yakasikika kwa mbali. Nilikurupuka, nikamvuta Babu, lakini magoti yake yalikuwa na mwendo wao. Tulipofika barabarani tukakuta vumbi, maganda ya miwa na mgambo anayekunja kamba. Nilinuna mpaka nyumbani. Wenzangu walinisimulia moshi wa Mwenge wiki nzima, na mmoja aliapa kwamba aliugusa, jambo ambalo mpaka leo silikubali.

Usiku, nikiwa mkekani, nilimuuliza Babu kama wale waliotekwa mara ya pili walirudi.

Alipunguza sauti ya redio. Akakaa hivyo kitambo, kisha akaiongeza tena.