Ranflati imepata pancha? Usiizibe kabla haijaangaliwa ndani

Swali linalokuja sana kwa wenye magari ya ranflati (run-flat, tairi inayoweza kuendelea kutembea kidogo hata upepo ukiisha) ni hili, nikikanyaga msumari naziba kama tairi ya kawaida au ndo nanunua mpya? Mi naona tundu lenyewe sio ishu kubwa, ishu ni umetembea nayo kiasi gani ikiwa haina upepo.

Ranflati imetengenezwa na kuta za pembeni nene na ngumu, ndo maana upepo ukiisha gari halilalii rimu na unaendelea kusogea, kwa nyingi kikomo ni kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80 kwa saa. Sasa huo ukuta ukibeba gari bila upepo unakunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, unachemka, mpira unachoka na nyuzi za ndani zinaanza kuachana, halafu ukiitazama kwa nje tairi inaonekana nzima kabisa, hata fundi mzoefu anaweza kukwambia hii bado mpya. Hapo ndo panaponitisha, maana ukuta uliochoka unaweza kupasuka baadae ukiwa spidi kubwa na familia iko ndani ya gari.

Kwahiyo ile ya kuchomeka utambi (kile kikamba cha mpira cha kuziba tundu) kwa nje bila kuvua tairi naikataa kabisa kwa ranflati. Ivuliwe, na ivuliwe kwa mashine inayofaa maana kuta zake ngumu, ukilazimisha kwa vyuma unachana ukingo unaokaa kwenye rimu. Ukikuta unga wa mpira ndani, au makunyanzi, au mstari wa msuguano unaozunguka ukuta, hiyo imekwisha, usiizibe.

Kama taa ya presha iliwaka ukasimama mapema, ukapima upepo ukakuta bado upo wa kutosha, tundu liko katikati ya sehemu inayokanyaga barabara na halizidi milimita 6, hapo kuna cha kuzungumza. Inazibwa kwa ndani, kiraka chenye mkia unaojaza tundu lote. Begani, yaani pale sehemu ya kukanyaga inapokutana na ukuta, au pembeni hapazibwi. Ila soma kwanza aliyeitengeneza anasemaje, wengine wanaruhusu kwa masharti, wengine hawataki kabisa, na alama wanazoandika kwenye tairi kuonyesha ni ranflati zinatofautiana pia, Michelin wanaandika ZP, Continental SSR, Bridgestone RFT, Goodyear ROF.

Najua bei inauma, tena mengi ya haya magari hayana hata spea, unajikuta unataka tu uondoke pale. Lakini kama hujui imetembea tupu muda gani, ihesabu kama imekufa.

Na ukinunua ranflati iliyotumika, mwambie muuzaji uione ndani kabla haijafungwa, aliyeitumia kabla yako huwezi jua aliiendesha tupu mpaka wapi. Akikataa, ondoka.