Kiboko kapanda bodaboda
Jamani leo darasani kwangu hapa Bagamoyo raha tupu. Nimewafungulia watoto wa awali kitabu cha picha, kuna kiboko kavaa kofia kakaa kwenye bodaboda, tairi la nyuma limelala chapati. Sasa kuna kabinti tangu shule zifunguliwe hakaongei kabisa, kakaja mbele kakaweka kidole kwenye tairi, "Ticha, pancha!" Darasa zima kicheko, na mimi machozi yakanitoka kwa furaha nikaacha kwanza somo nikawauliza viboko wanakaa wapi, nikawaambia hata hapo mto Wami wapo, mchana majini, usiku wanatoka kula majani. Na herufi k imeingia yenyewe, kiboko, kofia, kidole. Kabinti kameshauliza zamu ya twiga lini.