Barua ya Baba Mdogo Kutoka Masaka

Treni ya SGR ni nzuri na sina la kuilaumu: 31,000 daraja la kawaida, Dar mpaka Dodoma, unafika hujachoka. Maumivu yanaanza ukishashuka. Bajaji alinitaka 15,000 kunifikisha mjini, na guest niliyozoea kulala kwa 25,000 ilikuwa imepanda mpaka 45,000, eti ni msimu wa Bunge. Feni ileile, ndoo ileile ya maji. Asubuhi nikapanda Noah ya Mvumi, watu wanne siti ya watatu, na dumu la mtu la mafuta ya alizeti limenikalia miguuni njia nzima.

Nilikuwa naenda kwa shangazi, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu. Kulikuwa na jambo la mpaka wa shamba. Lilikwisha kabla ya chakula cha mchana, na halina cha kusimulia.

Tulipomaliza ugali wa uwele na mlenda, akaingia ndani na kutoka na sanduku la bati. Chini ya kanga na vyeti vya ubatizo kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mpaka mikunjo imetoboka. Imeandikwa kwa penseli. Juu kulia: Masaka, Machi 1979. Masaka ni mji wa Uganda.

“Macho yamekataa,” akasema. “Aliyekuwa ananisomea ni baba yako. Sasa nisomee wewe.”

Nikaanza, nikaona nusu ukurasa ni salamu tupu, nikaziruka.

“Usiruke salamu, baba. Soma na majina.”

Nikarudi mwanzo. Baba mdogo anamsalimu mama yake, kaka zake, dada yake, majirani, mwalimu wa kwaya, na jamaa aliyekuwa akichanganya naye zege. Kila jina nililotaja, shangazi aliitikia “yupo” au “alishafariki”. Wengi walikuwa wameshafariki. Ama baada ya salamu, yeye ni mzima, hofu ni kwao walio mbali. Je, mvua ilikuwaje? Uwele umefikia wapi? Kisha inakuja habari ndefu kuliko zote: mkandarasi aliyemwajiri hakumlipa wiki mbili za mwisho. Anamwomba kaka yake, yaani baba yangu, aende akazidai, na anaeleza jengo lilipo, ghorofa waliyoishia na jina la nyapara. Pesa hiyo mama anunuliwe doti ya kanga. Kuhusu vita ameandika sentensi moja tu, kwamba amepewa viatu vipya vinavyomwenea sawasawa, na akirudi atavivaa kazini kwenye zege.

Nilishindwa kuendelea kwa muda. Shangazi akanisubiri.

Baba mdogo alikuwa kibarua. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, vijana wa Ugogo waliokuwa wakingojea mvua walipata mahali pa kuuza nguvu zao. Yeye alibeba kokoto mchana, jioni akafanya mazoezi ya mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanda mpaka zaidi ya 150,000, na maelfu kwa maelfu ya walioongezeka walikuwa mgambo kama yeye. Shangazi anasema walipakiwa kwenye treni ya Mwanza wakiimba, naye akaikimbilia treni mpaka jukwaa likaisha.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijijini watu walicheza usiku kucha, na bibi alicheza pia. Habari ya kifo ilifika baadaye. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mamia ya wenzake, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika hapo. Bibi alikufa hajaliona kaburi la mwanawe, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na bei ya mbuzi wote aliokuwa nao.

Mwaka 2016, tarehe 25 Julai, maadhimisho ya Siku ya Mashujaa yalifanyika Dodoma, na hapohapo Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia. Kuanzia siku ile mazungumzo yakawa viwanja na bei za viwanja. Shangazi alikuwa ameifungulia redio tangu asubuhi.

“Nilidhani watasoma majina,” akaniambia.

Baba mdogo ana kaburi, angalau. Babu yao alichukuliwa upagazi wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walipoiteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na hakurudi. Majeshi ya pande zote mbili yalikomba nafaka na ng'ombe wa Wagogo, mvua ikakataa, ikaja njaa ya Mtunya. Baba wa shangazi, mtoto mdogo, alinusurika kwa kupelekwa kwa wajomba zake. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ile wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa hawakuandikwa majina popote. Nilipomweleza shangazi, aliuliza swali moja: sasa wataandika? Nilimwambia wamesema wanatafuta.

Tumekubaliana kwamba uwele ukishavunwa nitampeleka Kaboya. Anataka kwenda na barua, aisomewe hapohapo kaburini, salamu zote na majina yote. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo basi la moja kwa moja mpaka Bukoba litamuumiza. Nafikiri tulale Kahama. Anayejua guest safi Muleba isiyozidi 30,000, na usafiri wa kutoka stendi mpaka makaburini kwa mzee asiyeweza kupanda bodaboda, aniambie mapema.