Idar-Oberstein: Mji Ulioishiwa Mawe Ukabaki na Mafundi

Ukikaa na mabroka wa vito Arusha, haupiti muda kabla hujasikia jina la Idar-Oberstein. Jiwe likitoka zuri, lenye rangi iliyokolea na lisilo na nyufa, yupo atakayesema hilo ni la kupelekwa Ujerumani, wanakojua kulikata. Nimelisikia jina hilo tangu ujana wangu. Nilipopata nafasi ya kufika Frankfurt, sikuwa na haja ya Berlin wala Munich. Nilitaka kuuona mji huo.

Treni inapita Mainz, kisha Bad Kreuznach, halafu inalifuata bonde la mto Nahe, ikiingia na kutoka kwenye mahandaki. Milima inabana pande zote mbili. Niliposhuka stesheni niliutafuta mto nisiuone: barabara kuu imejengwa juu yake tangu miaka ya 1980, na maji yanapita chini ya magari. Juu ya nyumba, kwenye ukuta wa mwamba, kuna kanisa la karne ya 15 lililopachikwa ndani ya jiwe lenyewe. Watalii wengi hupanda huko kwanza. Mimi nilichukua basi hadi Tiefenstein, kwenye kijito cha Idarbach, kilipobaki kinu cha kale cha kukatia mawe kwa nguvu ya maji, Weiherschleife.

Kinu chenyewe ni nyumba ya mawe kando ya bwawa. Nje kuna gurudumu kubwa la maji. Ndani, mhimili mmoja unazungusha magurudumu ya jiwe la mchanga, makubwa kiasi cha kumfikia mtu kifuani, na maji yanayadondokea muda wote. Mbele ya kila gurudumu kuna kiti cha mbao cha ajabu: fundi hakikalii, anakilalia. Kifua na tumbo vinaegemea mbao, miguu inajikaza kwenye ubao uliopigiliwa sakafuni, na nguvu ya mwili mzima inalisukuma jiwe dogo lililo mkononi lisagane na gurudumu. Fundi aliyekuwa akituonyesha alizima taa. Pale akiki, jiwe la kito alilolishika, ilipogusana na gurudumu pakatokea mwanga mwekundu, kama kaa lililo ndani ya jiwe, na alipoliondoa ukazimika. Aliposhika jiwe akatupatia tulipapase, lilikuwa na ubaridi wa maji tu.

Kwa ruhusa yake, nililala kidogo kwenye kiti hicho. Kifua kinabanwa mara moja. Mafundi wa zamani walifanya kazi hivyo tangu asubuhi hadi jioni, kwenye unyevu, pua ikiwa karibu kabisa na vumbi la jiwe, na wengi waliondoka duniani mapema kwa maradhi ya mapafu. Katika karne ya 19 vinu vya namna hii vilipangana kwenye vijito vya eneo hili. Ningependa kila anayeuza kito kilichong'arishwa akione kiti hicho angalau mara moja.

Jumba la Makumbusho ya Vito la Ujerumani liko upande wa Idar, kwenye nyumba ya kifahari ya tajiri wa zamani. Vyumba vyake vimetiwa giza na makabati yanawaka. Kila kito kimewekwa kikiwa ghafi na kikiwa kimekatwa, bega kwa bega, na hapo ndipo unapoiona kazi ya mkono. Nilikaa zaidi kwenye akiki, kwa sababu ndiyo iliyoujenga mji. Kwetu Pwani, na kwa ndugu zetu wa Oman, wazee wanavaa pete za akiki nyekundu, na mimi niliichukulia rangi hiyo kuwa imetoka ardhini hivyo hivyo. Kumbe nyingi zilikuwa za kijivu au manjano. Moto ndio uliogeuza chuma kilicho ndani kikawa chekundu.

Nyeusi ina siri kubwa zaidi. Akiki huloweshwa kwa siku nyingi katika maji ya sukari au asali yenye joto, kisha hutiwa kwenye asidi ya salfa. Tabaka zenye vinyweleo zimeshakunywa sukari. Asidi inaiunguza humo humo, zinakuwa nyeusi tititi. Tabaka zilizoshikamana hazinywi kitu, zinabaki nyeupe. Mchongaji anaichonga sura ya mtu kwenye tabaka nyeupe na kuiacha nyeusi iwe mandhari ya nyuma. Nilisogeza uso hadi kwenye kioo kuangalia shela ya bibi mmoja wa akiki: jiwe limekonda mpaka weusi unapenya kwenye mikunjo.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni kwamba mawe ya hapa yaliisha. Akiki ya milima hii ilipoadimika, watu wakahama kutafuta riziki Brazil, na mwaka 1827 wahamiaji hao wakaikuta akiki tele huko Rio Grande do Sul. Mwaka 1834 shehena ya kwanza ikafika huku. Tangu hapo mji ukaishi kwa mawe ya wengine, ukatengeneza hadi shanga na vidani vya kuuzwa Afrika Magharibi.

Na mawe yetu yamo. Zoisaiti, jiwe la kijani lenye rubi nyekundu ndani yake, kutoka Longido kwetu Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1954, wachongaji wa hapa waliipenda mapema. Nilisimama mbele ya kinyago chake: wameziacha rubi pale pale zilipokuwa, wakaupanga mwili wa mnyama kuzifuata, na madoa meusi ya jiwe wakayafanya kivuli. Nimewahi kuliona jiwe hilo Longido likiwa limerundikwa kwa kilo. Nilijawa na fahari, kisha nikapata uchungu. Mererani tumejenga ukuta mwaka 2018 kulinda Tanzanite, na ni sawa. Lakini Brazil nayo ilikuwa na mawe, na thamani ilizaliwa kwenye vinu hivi. Ndiyo maana nakithamini Kituo cha Jemolojia (elimu ya vito) Tanzania pale Arusha, kinachofundisha vijana kukata na kuchonga. Kingestahili kuwa na wanafunzi mara kumi.

Jioni nilikula nyama ya kuchoma kwenye moto wa kuni, mlo ambao wenyeji wanasema uliletwa na waliorudi kutoka Brazil. Mezani alikuwepo mkataji mstaafu. Aliposikia nimetoka Arusha hakuniuliza habari za Kilimanjaro wala Serengeti. Aliuliza kama Longido bado inatoa vipande vikubwa, na nani anavichonga huko. Tulizungumza mpaka wakaanza kupandisha viti juu ya meza.