Nilivyojifunza CNC kwa miche ya sabuni

Nimechonga vipuri mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, miaka kumi na moja kwa mashine za mkono. Kila nikisema nataka kujifunza CNC, mashine inayochonga kwa kufuata amri za kompyuta, naambiwa hiyo ni ya wenye digrii. Bosi wangu wa zamani aliniambia, "Wewe baki na tupa yako." Nikamsikiliza, nikapoteza miaka mitatu. Fundi anayesoma mchoro na kujua kutumia venia, kile kipimo cha vipande vya milimita, hana sababu ya kuiogopa mashine ile.

Cheti nilikipata kwanza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi wa sisi tuliojifunzia kazini. Kaulizieni. Halafu nikaingia kozi fupi ya jioni. Ada na nauli vilikula laki nne na ushee.

Tulikuwa kumi na wanane kwa mashine moja. Zamu yangu ya tatu nikaandika G00 Z50, yaani kisu kinyanyuke kwa kasi yote hadi milimita 50 juu kabla ya kuhamia upande wa pili. Nikasahau nukta. Mashine ile, namba isiyo na nukta inaihesabu kwa sehemu za elfu za milimita, kwa hiyo 50 yangu ikawa 0.05. Kisu kikahama kwa kasi yote kikiwa karibu kabisa na kazi, kikaparamia kibano. Kisu, ambacho ni cha kabaidi, kikapasuka, kipande chake kikagonga kioo cha mlango mbele ya uso wangu. Siku hizi naandika Z50. na nukta yake, hata kwenye karatasi ya mazoezi.

Kisu cha akiba hakikuwepo, na wenzangu wakaanza kukwepa zamu. Ndipo nikafikiria kufanyia mazoezi kwenye sabuni, ambayo ni laini. Nilinunua miche miwili ya kufulia, nikaianika juani siku tatu, maana mbichi inanata.

"Shikamoo mwalimu, naomba nijaribu na hii."

"Marahaba. Jaribu, lakini mashine utaisafisha mwenyewe."

Nikaibana kwenye jiriwa, ubao kila upande isipondeke, nikaiacha itokeze sentimita tatu juu ya meno ili kisu kisifike chumani. Maji ya kupozea nikayafunga. Ukisahau hapo, tangi lote litajaa povu. Chenga zikamwagika nyeupe kama nazi inayotoka kwenye mbuzi. Kila mmoja akachonga herufi ya jina lake. Mimi nilibadilishana G02 na G03, amri za kuchonga tao kwa mwelekeo wa saa na kinyume chake, S yangu ikatoka imegeuka kama kwenye kioo. Nikarekebisha, nikarudia, dakika tano tu, na kisu kizima. Mkimaliza futeni na mpake oili, sabuni na unyevu vinaleta kutu.

Baada ya wiki tatu tukahamia alumini. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa bamba la kushikilia mota ya mashine ya kufungashia unga, matundu sita. Mwenye kiwanda aliingiza boliti zote kwa vidole, bila nyundo, kisha akaniuliza kama naweza kumchongea arobaini kwa mwezi.